Sahani Mpya Niliyoing'ang'ania

Nilikuwa nimeendesha semi la mzee mmoja, mfanyabiashara wa Kondoa, kwa miaka tisa kabla dada mmoja hajaajiriwa kuendesha la pili. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na siku ya kwanza nilijiambia hatamaliza mwezi. Alimaliza mwezi, akamaliza mwaka, na kila Jumamosi, siku yetu ya kusafisha magari, alinikera upya.

Nyuma ya kichwa cha semi kuna sahani pana ya chuma. Tela hulalia hapo, na pini yake hubanwa katikati na mataya. Mimi nilikuwa nikipaka grisi mpya juu ya ile kuukuu, basi. Yeye aliiondoa yote kwanza kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, halafu akapitisha kidole kwenye mataya akitafuta palipolika.

"Vumbi la huku likichanganyika na grisi linakuwa msasa," alimwambia mzee.

Mzee, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuinama chini ya gari langu, aliinama chini ya lake. Nilimwonea wivu.

Sahani zetu zote zilipochakaa, mzee alitutuma dukani pamoja. Zilikuwepo mbili tu zilizolingana na pini za matela yetu, moja mpya na nyingine iliyokwishatumika. Kabla dada hajafungua mdomo nikasema, "Mpya ni yangu. Mimi ndiye wa siku nyingi."

"Sawa, kaka, chukua."

Kisha akakaa karibu saa nzima na ile ya zamani. Aliweka rula ya chuma juu yake kuona kama imepinda, akatafuta nyufa, akaifunga na kuifungua tena na tena. Nilimcheka moyoni. Lakini fundi alipomaliza kunifungia ile mpya, bado macho yangu yalikwenda kwenye gari lake.

Kitu kipya hakihitaji kubembelezwa, nilijiambia. Miezi ikapita, nikairushia grisi tu.

Siku moja tulikwenda Mlali kuchukua alizeti. Tela langu lilikuwa limetangulia kupakiwa. Nilirudisha kichwa kinyumenyume hadi chini yake, nikasikia chuma kikilia kama kimefunga, nikaunganisha mipira ya upepo wa breki, nikapandisha miguu ya tela, nikawasha. Mara dada akaja mbio, akasimama mbele ya gari mikono juu.

"Kaka, zima! Ule mkono wa kufungia mataya haujarudi ndani!"

Nilishuka nimekunja uso. Alimulika kwa simu, nikachungulia. Pini ilikuwa imeingia, lakini mataya yalifunga nusu. Grisi iliyoganda na mchanga ilikuwa imeyazuia. Mbele yetu, kwenye kona ya barabara, akina mama walikuwa wakianika alizeti kwenye maturubai. Tela lingechomoka pale pale penye kona yao.

Badala ya kumshukuru, nilisema, "Usimwambie mzee."

"Simwambii. Ukitaka utamwambia mwenyewe."

Tulishusha miguu ya tela, tukakiondoa kichwa, tukasafisha pamoja. "Usiamini mlio," alisema. "Chungulia, kisha vuta kidogo huku breki za tela zimeshika." Nilikuwa nayajua hayo kabla yeye hajapata leseni, na ndicho kilichoniuma. Njia nzima ya kurudi mjini nilitafuta baya la kumsema, nikakosa.

Baadaye mzee alinunua semi la tatu, jipya kabisa. Akaniita pembeni.

"Wewe ndiye wa siku nyingi. Nikupe?"

Dada alikuwa upande wa pili wa uwanja, hasikii. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni. Sijui nilipatwa na nini, nikamsimulia habari ya Mlali yote, pamoja na lile la kumwomba asiseme.

"Kwa hiyo?" mzee aliuliza.

"Mpe yeye, mzee."

Akampa. Waliponiomba niwapige picha mbele ya gari, niliwapiga, nikahakikisha wote wametokea vizuri. Dada alijitolea kunifikisha nyumbani, Nkuhungu, kwa gari lile jipya. Nilimwambia nitatembea, ingawa ni mbali na jua lilikuwa kali.