Saruji ya Kuficha Udongo

Jumanne, kwenye kaunta ya hadiwea pale Kimbo, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aliagiza mifuko sita ya saruji huku akichungulia mawingu kila mara. Fundi wake, aliyesimama kando, alivua kofia.

"Mama, nyumba yako ni ya matofali ya udongo. Nikiipiga plasta ya saruji, unyevu utafungiwa ndani. Mvua ikianza, plasta itabanduka pamoja na ukuta. Wacha nipake udongo na chokaa."

"Fundi, Jumamosi watu wa ruracio wanakuja kuleta mahari ya msichana wangu. Wakiona udongo watasema nimemlea kwa shida."

"Lakini jua likiwaka, ndani kuna baridi nzuri. Hata wewe umesema."

"Picha hazionyeshi baridi."

Fundi alivaa kofia, akaanza kubeba mifuko. Mama akaangalia juu tena. "Mvua itangoja hadi Jumapili?"

Nilitaka kumwambia amsikilize fundi, aache kuogopa macho ya wageni. Lakini muuzaji alikuwa ananiuliza nataka nini. Nikanong'ona kwamba nataka rangi ya kufunika madoa ya unyevu kwenye ukuta wangu wa mawe, kwa sababu Jumapili mimi pia nina wageni.