Gita la Mbao Mbichi

Bibi yangu alikuwa na mianzi nyuma ya nyumba, na kila mmoja aliupa jina la mtu aliyemuudhi. Wakati wa masika aliigema asubuhi na jioni, na kila alipokata ncha nilimsikia, "Leo nakunyoa, mke wa mjomba." Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulidondoka taratibu. Ule wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anapewa. Ukilala, unakulaza na wewe. Mke wa mjomba mwenyewe alikuja kuunywa, akausifu, na bibi akamjazia tena kikombe.

Lakini si habari za ulanzi nilizotaka kukupa. Nimeanzia huko kwa sababu ulanzi ndio ulionifikisha kwenye kiwanda cha mbao, pale Mafinga. Niliacha shule darasa la nne, miguu ya bibi ilipokataa kutembea, nikawa mimi wa kupeleka madumu kwa wapasua mbao saa ya mapumziko. Kaka yangu alikuwa seremala palepale. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo kaka ndiye aliyeninunulia viatu, ndiye aliyenichapa, ndiye niliyemwogopa na kumpenda.

Alikuwa na redio ndogo. Kule kwetu, jua likizama, stesheni za Zambia zilisikika vizuri kuliko za Dar es Salaam. Humo akawasikia vijana wanaopiga magita yenye kunguruma. Akaniita, "Mdogo wangu, hebu sikiliza. Hili gita limekasirika." Mimi nilidhani redio imeharibika.

Siku zile, kama hukuziona, bendi ilikuwa na mwenyewe: shirika, jeshi au kiwanda. Vyombo vyao, sare zao, na nyimbo wanazozitaka wakubwa wao. Kaka alitaka bendi isiyo na mwenyewe. Basi akaamua kuunda gita.

Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo seremala halifanyi kwa kutojua. Mbao kavu zilikuwa mali ya kiwanda, na yeye hakuwa mwizi. Akachukua mabanzi yaliyotupwa, mabichi, yanatoka utomvu. Kuyakausha kulitaka miezi, naye hakuwa na miezi. Nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli, sumaku ilitoka kwenye simu mbovu, na sauti ilitokea kwenye spika ya mikutano tuliyoazimwa na katibu wa tawi la chama, kwa betri ya lori.

Ubao ulipoanza kukauka, shingo ya gita ikapinda. Nyuzi zikawa zinagonga mti. Kila wiki kaka alizilegeza kidogo ili zisikatike, na kila wiki sauti ilishuka chini, ikawa nzito, ya kukwaruza, kama msumeno uliokutana na fundo. Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, maana ilikuwa ndiyo ile ya kwenye redio, ila yetu ilikuwa na hasira zaidi. Baada ya kupiga, kaka alinawa vidole kwa mafuta ya taa kutoa utomvu.

Mpasua mbao mmoja akashika besi, mwalimu wa shule ya msingi akaimba, na mimi nikapiga ngoma na mapipa, kwa kuwa kanisani nilishazoea. Mchungaji akaniita: "Binti, zile ngoma za Mungu umezipeleka wapi?" Nikamjibu, "Zipo, mchungaji, ila sasa nazipiga kwa nguvu." Akageuka upande asicheke mbele yangu.

Watu wakatuita Msumeno. Ilula tulipiga juu ya matenga ya nyanya, abiria wakashuka kwenye mabasi kushangaa. Mbeya wakatuita mara mbili. Mlandege, mtaa wa pale mjini mkoani, ukumbi ulijaa mpaka kuta zikatoa jasho, na ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio. Mzee mmoja alinishika mkono, akanisalimu kikwetu, "Kamwene, mwanangu. Mnapiga nini hiki?" Aliuliza, lakini hakuondoka.

Hakuna aliyeturekodi hata wimbo mmoja. Kile kiwanda hakipo, mwalimu na mpasua mbao wamekwishazikwa. Wajukuu zangu wananionyesha kwenye simu wazungu wenye nywele ndefu, wananiambia, "Bibi, hii ni hevi metali, huwezi kuijua." Nawaambia naijua, inanuka utomvu. Wanacheka. Hakuna aliyebaki wa kunishuhudia.

Nimezunguka sana, ndugu yangu, kwa sababu sehemu hii siipendi.

Asubuhi baada ya ule usiku wa Mlandege, alikuja bwana mmoja wa shirika. Alitutaka wote wanne, angetupa magita ya dukani, ngoma mpya, sare, mshahara. Ila tupige muziki wa dansi, na lile gita lililopinda lisionekane tena. Kaka akasema, "Tukikubali, Msumeno imekufa." Mwalimu akamjibu, "Mnyalukolo, ndugu yangu, mimi nina watoto watano. Wanakula msumeno?" Bwana yule akasema basi tupige kura, wanaokubali wainue mikono.

Mwalimu akainua. Mpasua mbao akainua, huku ameangalia chini. Kaka akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sijawahi kuvaa sare yoyote tangu niache shule, na ile waliyoileta kama mfano ilikuwa ya bluu, ina vifungo vinavyong'aa.

Nikainua mkono.

Hakunigombeza, na angenigombeza ningeushusha. Aliliegemeza gita ukutani, polepole, akanifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa kilichokuwa kimelegea. Akasema anakwenda kuangalia kama lori la mbao la kuturudisha Mafinga limefika. Lori lilikuwa limeegeshwa pale pale mlangoni, sote tunaliona. Akalipita, akavuka barabara, akaendelea kutembea.