Nilipoingia Baba Hajamaliza

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani, na kichwa changu siku hizi hakishiki mengi. Juzi nilitafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeivaa. Lakini siku ile naikumbuka mpaka harufu yake: papa mkavu, karafuu, na jasho la watu waliojazana orofani, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Ilikuwa wakati wa vita vikubwa. Kisiwa kizima kiliambiwa kisionyeshe mwanga, ndege za adui zisije zikatuona. Ndege mimi sikuziona. Joto nililiona.

Tulikuwa kwaya ndogo ya kanisa. Ukumbi wetu jeshi lilikuwa limeuchukua likaweka vitu vyake, ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kibohora, Mhindi Mwislamu, Bwana Alibhai, akatupa orofa ya juu ya ghala lake huko Mji wa Kale. Chini magunia na mahamali wa kuyabeba, juu sisi na nyimbo zetu. Yeye alitaka jambo moja tu, kwamba ikiadhiniwa tunyamaze. Hata asingetaka tungenyamaza. Mwalimu aliinua mkono, watu wakatulia kimya mpaka adhana ikaisha, ndipo tukaendelea pale tulipoachia. Nakwambia haya ili ujue kwamba kungoja tulikujua. Kungoja ndiko kulikotutia taabuni.

Mwalimu wetu aliitwa Stefano, mtu wa Rabai, mwembamba, shati jeupe kila siku ya Mungu. Alikuwa na tamaa kubwa kuliko kwaya yake. Alitaka tuimbe habari nzima ya Bwana, tangu kuahidiwa mpaka kufufuka, kwa wimbo mmoja mrefu uliotungwa Ulaya zamani sana, enzi wanaume wa Kizungu walipokuwa wakivaa nywele za bandia. Hakuna kuigiza, hakuna mavazi. Watu wamesimama tu. Mmoja anatoka anaimba habari, kwaya nzima inajibu, na vyombo vinapigwa. Maneno ya Kiswahili aliyatia mwenyewe.

Vyombo havikuwa vingi. Magoa, wale Wakristo wenye asili ya Uhindi, walituletea fidla mbili, ya fundi cherehani na ya mwanawe, na fidla kubwa ile ya kubanwa magotini, ya karani wa forodha. Askari mmoja wa bendi alikuja na tarumbeta kila alipopewa ruhusa. Mke wa padri alipiga kinanda cha kukanyaga, nacho kilikuwa kikihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bendi yetu, nasi tukijiona watu wakubwa.

Mimi shule nilisoma kidogo. Nilipojua kuandika jina langu nikatolewa nije kumlea mdogo wangu. Lakini zile herufi za do re mi alizoziandika Mwalimu ubaoni nilizishika upesi kuliko wenzangu, naye akaniweka mwisho wa benchi la sauti ya pili, sauti ya kina mama wasiofika juu sana, niwaongoze. Nikiingia, wanaingia. Nikichelewa, benchi zima limechelewa.

Nyuma yetu walisimama wazee wa sauti ya nne, ile nzito. Na mkubwa wao alikuwa baba yangu mzazi, Mzee Zakaria.

Sasa, karibu na mwisho wa wimbo palikuwa mahali pagumu. Wazee wanaanza peke yao, “Ametukumbuka,” na neno hilo hawaliachi, wanalivuta, linapanda, linashuka, linazunguka kama uzi unaotoka kwenye kibonge. Kabla hawajamaliza, sisi sauti ya pili tunaingia na neno lilelile. Kabla sisi hatujamaliza, wanaingia vijana wa sauti ya tatu, kisha wasichana wa sauti ya kwanza. Kila mmoja na neno lilelile, kila mmoja kwa wakati wake, na hapana anayemngoja mwenzake anyamaze. Mara ya kwanza Mwalimu alipotueleza nilidhani anatufundisha kugombana.

Pale ndipo tulipokwama. Wazee walianza vizuri, Mwalimu akageuka, akatunyooshea mkono sisi kina mama, na sisi tukamtazama. Mkono uko hewani, sisi kimya. Wazee wakifika mwisho kabisa, ndipo tunaingia, na kila kitu kimekwisha haribika. Ikawa hivyo siku hiyo, na siku ya pili, na wiki ya pili. Mwalimu alidhani hatujui kuhesabu. Akatupigisha miguu chini, akatupigisha makofi. Kuhesabu tulijua.

Ngoja nikueleze kwetu kulikuwaje. Nyumbani baba akizungumza hapana aliyetia neno. Tena alikuwa na tabia yake: anasema, ananyamaza, anakunywa kahawa, anakitazama kikombe, ndipo anaendelea. Mtoto aliyedhani kule kunyamaza ni kumaliza alikiona. Mama alikuwa na vidole kama koleo. Alikufinya pajani huku uso wake ukitazama kwingine kabisa, mgeni asijue. Kwa hiyo mimi nilijifunza kungoja mpaka kahawa iishe, kikombe kiwekwe chini, baba ainuke. Wenzangu wa benchi walilelewa vivyo hivyo. Leo Mwalimu anatuambia tuingie baba zetu wakiwa katikati ya neno. Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa.

Chini kule mahamali walikuwa wameshaujua wimbo kwa kuusikia kila siku. Siku moja wazee walipoanza, na Mwalimu akatunyooshea mkono, na sisi kama kawaida yetu kimya, tukasikia kutoka ngazini mahamali wanaingia, kwa wakati kabisa, na magunia mabegani. Kwaya yote ikaangua kicheko. Mmoja wao akapiga kelele kutoka chini, “Kina mama, tumewashikia nafasi yenu, mje muichukue.” Hata baba alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta.

Hicho kikohozi, mwanangu, ndicho nilichotaka kukifikia. Baba alikuwa akipakia makaa ya mawe melini, upande wa Mbaraki. Vita vilipokuja meli zikazidi, makaa yakazidi, na kikohozi kikazidi. Mama alikisikia. Sisi watoto tulikisikia. Majirani zetu kule Makupa walikisikia kupitia ukutani. Na hapana hata mmoja aliyekitaja, kwa kuwa mwenyewe hakukitaja. Tukakaa nacho ndani ya nyumba kama mgeni ambaye hapana aliyejulishwa jina lake.

Basi Mwalimu akachoka. Akatuambia, kwa upole, na ule upole uliuma kuliko matusi, kwamba kuna mabibi wa Kizungu wa Kizingo waliojitolea kuimba sauti ya pili, na vitabu vyao wanavyo. Watakuja siku ya mazoezi ya mwisho wasikilize. Tukiingia, tutaimba sisi. Tusipoingia, wao watasimama mahali petu, sisi tukae na watazamaji. Mmoja wa mabibi hao nilikuwa nikimlelea mtoto. Nikajiona nimembebea mtoto wake nyuma, yeye yuko mbele mahali pangu.

Jioni ile tulirudi Makupa kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma kidogo kama ilivyotakikana. Njiani akasimama kukohoa. Nikasimama. Akamaliza, akajifuta mdomo, akaniuliza bila kugeuka.

“Unaningoja nini pale?”

Nikamwambia, “Nangoja umalize, baba.”

“Mimi pale simalizi. Pale pumzi imenikatika.” Akanyamaza, nami, unajua, nikangoja. “Ninapolivuta lile neno natazamia mtu anipokee, niibe pumzi kidogo, nirudi. Wewe huji. Naliburura peke yangu mpaka naona giza. Na nyinyi mko mbele yangu, migongo imenyooka, mnaniheshimu.”

Nikapata ujasiri, sijui wapi. “Lakini nitakuwa nimekukatiza.”

“Utanikatiza kwa neno gani? Si langu lilelile?” Sasa akageuka. “Mimi nimebeba magunia kabla hujazaliwa. Mmoja anaita, wenziwe wanaitika. Wakingoja amalize kuita ndipo waitike, gunia liko chini na mguu wa mtu uko chini yake. Unafikiri wale walioitika walikuwa hawana adabu?”

Kisha akaendelea na safari, nami nyuma yake mpaka nyumbani.

Siku ya mazoezi ya mwisho ndiyo hiyo yenye harufu niliyokwambia. Mabibi wa Kizingo walikaa kando kwenye viti vya Bwana Alibhai, vitabu magotini, wakijipepea navyo. Sikuwachukia, walikuwa watu wa kawaida, tena wenye haya. Wazee wakaanza. “Ametukumbuka.” Nikamsikia baba kuliko wote, sauti yake ikipanda ile ngazi ya neno, na safari hii, kwa kuwa alikuwa ameniambia, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mwisho wa sauti ulikuwa unatetemeka. Mkono wa Mwalimu ukaja. Paja langu likauma, nakwambia kweli, pale pale pa vidole vya mama, na mama hayupo.

Nikaingia. Benchi likaingia nami.

Na nyuma yangu, karibu na shingo, nikamsikia baba yangu akivuta pumzi.

Akarudi na sauti mpya, chini yetu, imetubeba. Vijana wakaingia, wasichana wakaingia, fidla zikatufuata, na ule ugomvi niliouogopa ukawa kitu kimoja kikubwa ambacho sijui kukueleza. Tulipomaliza, bibi yule niliyemlelea mtoto alifunga kitabu chake akakiweka chini ya kiti. Kutoka chini mahamali wakasema, “Haya, sasa tutapumzika.”

Siku yenyewe kanisani tuliimba alasiri, watu wapate kurudi makwao kabla ya giza. Yule askari wa tarumbeta hakutokea. Walikuwa wamempakia melini na wenzake, wala sikusikia tena habari zake. Mungu amlinde popote alipo, maana tulimwachia kiti. Fidla ya fundi cherehani ilikata uzi kwa ule unyevu wa bahari. Tukaimba hivyo hivyo. Watu walilia. Bwana Alibhai alisimama nje dirishani na kofia yake ya nyuzi za dhahabu, akasikiliza mpaka mwisho.

Ungedhani habari imekwisha hapo. Hata mimi nilidhani.

Siku chache baadaye tulikuwa mkekani, tumekwisha kula. Baba akasema kwamba kule Mbaraki wanataka watu wa kuongeza zamu, na yeye ameonelea aingie, kwa kuwa maisha yamekuwa ghali. Akanyamaza. Akachukua kahawa. Akakitazama kikombe. Na mimi nikaisikia, mwanangu, kama nilivyoisikia orofani, ile sauti inayotetemeka mwisho wa neno.

“Baba,” nikasema, “kifua chako hakiwezi tena makaa.”

Mkono wa mama ulikuja kama umeme. Baba hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

“Muache,” akamwambia mama. “Ndipo anapoingia.”

Kisha mama mwenyewe, aliyekuwa ananifinya sasa hivi, akasema kwa sauti ndogo, “Ni kweli, Zakaria. Hakiwezi.” Kisha kaka yangu, ambaye alikuwa hajawahi kusema mbele ya baba ila naam, akasema neno lilelile. Baba akavuta pumzi, akaitoa. Akaweka kikombe chini, akainuka kwenda kulala. Lakini zamu hakuingia, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameyaacha makaa, amekuwa bawabu wa lile ghala la Bwana Alibhai, anakaa mlangoni kwenye kivuli anawarekebisha mahamali wimbo. Kifua hakikupona. Lakini aliishi mpaka akawashika wanangu mikononi.

Sasa mzee ni mimi. Nakaa hapa, nazungumza, nanyamaza, nakunywa chai kwa kuwa kahawa daktari amenikataza, na nyinyi mmenizunguka kimya, migongo imenyooka. Najua mnaniheshimu. Lakini mimi nawaona mkitazamana ninaposema jambo ambalo limenishinda, na hapana anayefungua mdomo. Mnangoja nimalize. Mwanangu, mtu wa umri wangu akimaliza, amemaliza kweli. Hapo utaingia ukaimbe na nani?

Sikwambii umkatize mkubwa wako. Anayekuja na neno lake geni kumfunika mwenziwe, huyo haimbi. Nakwambia umsikilize vizuri mpaka ulijue neno lake kama lako, halafu usikie pale sauti inapoanza kutetemeka, na hapo hapo ulipokee, yeye angali yupo. Useme anachokihitaji na hathubutu kukisema. Kama ni baba yako, kama ni mumeo, kama ni mkubwa wako kazini. Atakukasirikia? Huenda. Mfinyo nao haukosekani. Lakini sikiliza nyuma yako, utasikia mtu anavuta pumzi.

Mungu akupe sikio la kujua mahali pako, akupe na kifua cha kupafikia. Akujaalie watu wa kukupokea utakapokuwa wewe ndiye unayeburura neno. Na mimi hapa nilipo, nikinyamaza kidogo hivi nikakitazama kikombe, usidhani nimemaliza. Ingia.