Dar Hadi Ndola kwa Saa Nne na Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini pale uwanja wa ndege wa Kipawa nilikabidhiwa ramani, rula na penseli, nikaambiwa nisiguse kingine. Nilitoka Temeke alfajiri kwa baiskeli, shati limepigwa pasi. Karani Mkuu, mzee wa Kihindi mwenye sauti ya pole, akanikalisha.

"Tunapima umbali wa uwanja hadi uwanja, tunaugawa kwa mwendo wa ndege, tunapata saa. Kwa saa hizo rubani anajaza mafuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Nilielewa mno. Woga wa hesabu hiyo haukunitoka mpaka nastaafu.

Nyie mnaosomewa na simu saa ya kufika hamjui adha yake. Ramani zetu zilipimwa kwa maili za baharini, ambazo ni ndefu kuliko za nchi kavu. Ndege za ile kampuni yetu ndogo ya kukodisha zilihesabu mwendo kwa maili za nchi kavu. Lazima ugeuze. Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kusomeana: mmoja anasoma hesabu kwa sauti, mwenzake anapima upya, kisha wote wawili wanatia sahihi.

Mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja, ndege ya Ndola ilikuwa imechelewa na abiria tisa wananung'unika. Nikapima, nikagawa, nikapata saa nne na nusu. Hatukusomeana. Karani Mkuu alitia sahihi akiwa amesimama, rubani akaikwapua karatasi, wakaruka.

Nilipokuwa nakunja ramani ndipo nikaona sikuzigeuza maili. Nikarudia hesabu: saa tano na dakika kumi. Na mafuta waliyojaza, akiba ikiwemo, yalikuwa ya saa tano. Nikampelekea Karani Mkuu hesabu mpya.

Akaisoma, akafunga mlango. "Labda upepo utawasukuma. Ukisema, tunafukuzwa wote wawili. Mke wako si ana mimba?"

"Mle ndani mna watu tisa, mzee, na rubani."

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Mungu anisamehe, nilikaa. Niliitazama saa ya ukutani zaidi ya saa nzima, naomba upepo, na kila dakika niliwaona watu wale wakianguka porini. Mwishowe nikainuka bila ruhusa, nikaenda kwa Meneja, nikamwambia hesabu ni mbovu. Chumba cha redio kiliwapata wakiwa bado hawajaipita Mbeya. Wakateremka huko, wakaongeza mafuta.

Karani Mkuu aliachishwa kazi siku hiyohiyo, kwa kutia sahihi bila kusomeana. Mie nilibakizwa, eti kwa kuwa nilisema.

Rubani aliporudi alinifuata mezani. Kwa Kiswahili chake kibovu cha Kizungu akaniuliza, "Wewe najua kosa saa ngapi?"

"Nilipolijua tu, bwana, palepale nikamwambia Meneja."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, macho yamemlowa. Nikauacha mkono wangu aushike.

Nimefundisha makarani wengi tangu hapo, nikawakazania kusomeana hadi wakanichukia. Waliponiaga siku ya kustaafu, Meneja mpya alisimama akawasimulia habari ya Ndola, kwamba sikusita hata dakika moja. Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nami nikasimama, nikainamisha kichwa, nikasema ahsanteni.