Nesi na Macho ya Wazee

Kabla ya kumchoma mtoto sindano, nesi wa kliniki husugua viganja vyake vipate joto, kisha hushika paja la mtoto na kumbembeleza kwa Chimakonde, kwa sauti ya chini mno hata Mama Shamsia, aliyempakata mwanawe, huinama ili asikie. Sauti hiyo imemwangusha nesi mtihani mara mbili. Leseni ya uuguzi ya Uingereza, anakotaka kwenda kufanya kazi, haipatikani bila kufaulu mtihani wa kuongea Kiingereza, na mtahini hujifanya mgonjwa. Mara zote mbili alikuwa mzee mwenye mvi, naye nesi akamjibu akitazama chini, kama mtoto wa watu anavyofunzwa mbele ya wakubwa. Watahini wakaandika kwamba hajiamini.

Kesho ni mara ya tatu, na amesema hatarudia tena. "Nikazie macho, Mama Shamsia. Jifanye mzee wa Kizungu anayeumwa mgongo."

"Mgongo ninao, uzungu ndio sina!"

Akina mama kwenye benchi wanacheka. Nesi hacheki. Anamtazama usoni bila kupepesa, na Kiingereza kinamtoka kwa sauti ya kujaa chumba. Mama Shamsia hakielewi, lakini anaitikia kwa kichwa: hapo sasa.

Mara anaingia bibi kutoka kijiji cha Chilangala, amembeba mjukuu mwenye homa. "Shikamoo, bibi," nesi anasema. Sauti imezama, macho yako sakafuni.

"Marahaba, mwanangu."

Nesi naye ameisikia sauti yake ilivyozama. Anasugua viganja muda mrefu kuliko siku zote, na hamtazami Mama Shamsia.