Turubai la Miaka Miwili

Iko Alhamisi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku niliyopeleka gauni kwa Mzee Mwinyimvua likapunguzwe kiuno. Nimeikumbuka tena jana niliposoma ujumbe wako, kwamba viongozi wa chama hapo chuoni wamekuomba uandike azimio la vijana la kuunga mkono askari wetu waongezewe muda ng'ambo ya mpaka, na kwamba wamekuchagua wewe kwa sababu unaandika vizuri. Umeniuliza kama bado ninayo nakala ya lile nililoandika mimi, upate pa kuanzia.

Ninayo. Lakini kabla sijakutumia nataka ujue liliandikwaje. Mama yako husema mimi mdogo wake nimezeeka kabla ya wakati, na huenda kweli. Sijafika arobaini, ila nimechoka kama mtu aliyelima msimu mzima kwenye shamba la mwenzake.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Bagamoyo na shahada yangu, mbishi kuliko wote mtaani. Nilibishana na imamu juu ya mwandamo wa mwezi. Nilibishana na baba juu ya mahari ya binamu yetu, mpaka bibi akanitoa barazani mbele ya wageni. Kila jambo nilitaka nioneshwe ushahidi. Katika umoja wa vijana wa chama walinipenda kwa hilo, wakanipa kipaza sauti. Mbishi akishapewa kipaza sauti, ubishi wake unapungua kidogo kidogo na mwenyewe hajui.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba askari wetu watavuka kwenda kusaidia nchi ya jirani. Sitaki nikudanganye: kule watu walikuwa wanauawa kweli, na wakimbizi walikuwa wanaingia kwetu na watoto mgongoni. Haikuwa habari ya kubuni. Chama chetu kikaunga mkono, na chama cha upinzani nacho kikaunga mkono kwa sauti kubwa zaidi, kikidai wapelekwe askari wengi kuliko waliotajwa. Kila kata ikatakiwa itoe azimio lake. Katibu wa kata akaniita, akanipa karatasi yenye mambo ya kuandika, likiwemo la muda: miezi mitatu, basi. Akaniambia nikisoma vizuri mbele ya wageni wa mkoa, jina langu litaingia kwenye orodha ya udiwani wa viti maalumu.

Mkutano ule ulikuwa unagharimiwa na Bwana Nassoro. Usimfikirie kama mtu mbaya; msikiti wetu ulikuwa unapata maji kwa pampu aliyoinunua yeye. Alikuwa na zabuni ya kuuzia jeshi buti, maturubai na biskuti, na kila penye shughuli ya chama, viti na pilau vilikuwa vyake. Nilikuwa nimekula pilau hiyo mara nyingi. Mimi niliyekuwa nahoji mpaka mwezi wa angani, sikuwahi kuihoji sahani iliyokuwa mbele yangu.

Basi Alhamisi hiyo nikaenda kwa Mzee Mwinyimvua, fundi cherehani, mwanachama wa zamani kuliko katibu mwenyewe. Chumba chake kilikuwa kimejaa turubai la kijani mpaka usiuone mlango wa uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Pita, ila usinikanyagie jeshi," akasema, akionesha turubai sakafuni. Akalitazama gauni. "Unataka likupendeze, au uweze kupumua ndani yake?"

Nikamwambia nataka kuhutubia. Nikajiona, nikatoa karatasi na kumsomea azimio lote huku akinipima, pini zikiwa midomoni. Nilipofika pale pa miezi mitatu akasimama, akaanza kuzitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake.

"Hiyo miezi mitatu umeitoa wapi?"

Nikamjibu kwamba nimepewa na katibu, naye amepewa kutoka juu.

"Haya. Hizi ninazoshona ni begi za askari. Nassoro kanikataza nisipokee kazi ya sare za shule kwa miaka miwili, mimi na mafundi wengine wanne, maana turubai linakuja mfululizo. Wewe umeandika miezi mitatu. Mimi nashona miaka miwili. Sasa, msomi wangu, kati yetu sisi wawili, nani kapewa habari ya kweli?"

Nikamwambia wafanyabiashara huwa wanajiwekea akiba. Akacheka bila furaha, akasema jibu kama hilo angenipa mtu mwingine nisingelikubali. Nami kwa hasira ya kushikwa nikamuuliza kama analijua hilo, mbona yeye anashona?

"Nashona kwa sababu nakula," akasema. "Nina wajukuu sita humu ndani. Mimi sikukwambia kwamba ni mtu mwema. Nimekwambia ninachokijua."

Akarudi kunipima kiuno. Kisha akaniuliza kama namfahamu Athumani wa Mlingotini, mtoto pekee wa Bi Mwanahawa mlima mwani. Nilimfahamu; tulisoma naye madrasa, akaja kuingia jeshini. Mzee akasema wiki iliyopita Athumani alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, mpaka kwake pale alifika, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaokwenda. Unajua mwenyewe, mwanangu, kwetu mtu hasafiri safari nzito mpaka apite kwa wazazi, kwa jamaa, hata kwa aliyegombana naye, aseme nisamehe, nipe radhi yako, maana huenda nisirudi.

"Anayekwenda ameomba radhi," akasema Mzee Mwinyimvua. "Nyinyi mnaompeleka, mmemwomba nani? Nenda kwa mama yake kabla hujasoma karatasi yako."

Nilikwenda, lakini sikwenda kwa unyenyekevu. Nilikwenda kumthibitishia mzee kuwa amekosea. Nilijua kwa hakika mama wa askari ataona fahari, na nilikwisha kupanga namna nitakavyomtaja kwenye hotuba.

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mlingotini. Nilimkuta Bi Mwanahawa na wenzake wawili kibandani, wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba wakisubiri maji ya bahari yatoke. Akanikaribisha mkeka, akaniuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, mpaka habari ya mguu wa bibi. Hakuacha kufunga. Nikamweleza azimio, nikalisifu jeshi, nikamsifu mwanawe, mwisho nikasema nimekuja kuomba radhi yake kwa niaba ya chama.

Mmoja wa wenzake akaguna, akasema, "Chama leo kimevaa ushungi," wakacheka kidogo. Bi Mwanahawa hakucheka.

"Anayeomba radhi ni msafiri," akasema. "Athumani kaniomba, nimempa, na nimemlilia Mungu juu ya hiyo radhi. Wewe unasafiri kwenda wapi?"

Nikamwambia mimi siendi.

"Na huyo katibu?"

Haendi.

"Nassoro ana vijana watatu wazima. Wanakwenda?"

Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Mmoja alikuwa anasoma nje, wawili walikuwa dukani.

"Basi, mwanangu, radhi nimempa anayekwenda," akasema. "Anayempeleka sina la kumpa mpaka amrudishe. Akimrudisha, aje."

Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Njia nzima nilikuwa najiambia nikifika nitamwona katibu, nitaufuta mstari wa miezi mitatu, au nitamwambia amtafute msomaji mwingine. Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu. Vita nisingeizuia, kukataa kuwa sauti yake ningeweza.

Jumamosi nililivaa gauni, nikasoma neno kwa neno. Pale pa miezi mitatu nilisita, nikamwona katibu ananitazama, nikaendelea. Watu wakapiga makofi. Mgeni wa mkoa akasema kata yetu ina hazina.

Baadaye wakati wa kula nilikaa karibu na Bwana Nassoro. Alikuwa amemwinamia ofisa mmoja mgeni, akimuuliza kama hali ya kule inaweza kutulia mapema. Sauti aliyoitumia naikumbuka kuliko hotuba zote: ilikuwa sauti ya mkulima wa Fukayosi anayeogopa mvua isije ikakatika. Ofisa akamjibu kwamba kule ni pagumu, hakutatulia leo wala kesho. Bwana Nassoro akashusha pumzi, akaomba aongezewe kachumbari. Nami nikala, mwanangu. Nikaomba na ukoko.

Nikawa diwani. Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya chama mkoani nikakuta kalenda kubwa ukutani yenye picha za magari ya deraya, imeletwa zawadi na kampuni ya ng'ambo inayoyauza, na viongozi wetu wawili wametoka kualikwa kwao kwenye maonesho ya silaha, wamelipiwa kila kitu. Nikajua Nassoro ni mdogo sana katika jambo hili. Nikaja kujua pia kwamba viti vya mikutano ya upinzani vilikuwa vyake vilevile. Alikuwa hachagui chama; alichotaka ni vyote viwili viseme neno moja, na vilikuwa vinalisema.

Miezi mitatu ikaisha, likahitajika azimio la kuongeza muda. Hawakunisumbua. Walichukua lile langu, wakabadilisha mwezi. Likasomwa tena, na tena. Mahali pengine maneno yangu nayasikia mpaka leo kwenye redio, na hata makosa yangu ya haraka hawajayasahihisha. Mzee Mwinyimvua alishona miaka yake miwili, akaongezewa, macho yakamchoka. Bwana Nassoro akajenga kituo cha mafuta Chalinze, kizuri, chenye msikiti mdogo na vyoo safi.

Athumani alirudi likizo mara mbili, akarudishwa vitani. Mara ya tatu akarudi moja kwa moja. Mzima, ukimwona kwa mbali. Sikio moja halisikii, na hawezi kukaa chumba chenye watu wengi. Pikipiki ikipiga mshindo barabarani anatoka mbio, saa nyingine wanamkuta mbali, amekaa chini, hamjui hata mama yake.

Nilikuwa nimekwisha kuachia udiwani nilipokwenda tena Mlingotini. Nikamkuta Bi Mwanahawa kibandani palepale. Nikamwambia alisema akirudishwa nije, nami nimekuja.

Akakaza fundo la kamba. "Huyu siye niliyewapa," akasema. Akaendelea kufunga mwani.

Nimekwenda tena mara tatu tangu hapo. Ananikaribisha mkeka, ananipa maji, ananiuliza habari za bibi. Radhi hajanipa, nami siku hizi siiombi kwa mdomo. Nakaa nafunga kamba naye mpaka maji yatoke, ninaondoka.

Nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu, na nisamehe kama ni ndefu. Sikwambii kila vita ni ya wauza buti. Mpaka leo nikiwa peke yangu sijui kama ilikuwa makosa kuvuka mpaka. Huenda wapo watu walio hai kule kwa sababu ya kina Athumani. Nakwambia tu kwamba neno la chama usilipime kwa uzuri wake. Tafuta nani anafaidika likiendelea, umtazame uso pale anapoambiwa kuna dalili ya amani. Ukiona vyama vinavyogombana juu ya kila kitu vimepatana juu ya vita peke yake, usishangilie haraka. Uliza ni nani aliyevilisha vyote viwili. Muulize fundi, muulize dereva wa lori, muulize anayepakia biskuti, kwa kuwa wao huambiwa kweli ya muda kabla yako. Hoji na chakula chako mwenyewe, na hapo ndipo pagumu, mimi palinishinda. Na kabla hujaandika mstari wa kwanza, nenda kwenye nyumba ya mtu anayekwenda, ukae, usikilize. Ukirudi ukiwa bado unaona azimio ni haki, liandike kwa jina lako na kwa muda wa kweli. Ukiona si haki, kataa, hata wakikwambia unaandika vizuri kuliko wote.

Nakala nimekuambatishia hapa. Makosa yangu nimeyapigia mstari.

Mola akupe sauti ambayo hutaionea haya ukikutana na mama wa mtu njiani. Akutosheleze na chakula chako cha halali, na wenzako wote wanaokwenda, awarudishe wakiwa ni wao.