Amplifaya Iliyomjua Nishiwaki

Nishiwaki Teruo alikuwa mtu wa kunusa maziwa kabla ya kuyamimina, hata kama chupa imefunguliwa mbele ya macho yake. Siku za kazi alikuwa karani katika ofisi ya maji ya jiji la Nagoya. Jumapili alipima vyombo vya muziki vya nyumbani, vile vya bei ya kutisha, na kuandika maoni yake katika jarida la kila mwezi. Wasomaji walimwamini kwa sababu yeye mwenyewe hakuamini kitu. Mtengenezaji akijigamba kwamba spika zake zinatikisa sakafu, Nishiwaki alianza kwa kukagua sakafu.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mengi niliyasikia nitake nisitake.

Vuli moja kiwanda cha Asagawa kilimletea amplifaya mpya aipime. Aliiunganisha chumbani kwake, akaweka santuri ya mwanamke anayeimba na piano tu nyuma yake. Upande mmoja ulipokwisha, hakuinuka kuigeuza. Mkewe, Sumie, akachungulia.

"Baba Chie, imeharibika?"

"Haijaharibika. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi."

Besi ilikuwa nene, ya mviringo, haina haraka. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imesogea mbele kidogo, karibu ya kuguswa. Ndivyo hasa alivyokuwa akidai kwa miaka katika makala zake, na hakuna kiwanda kilichowahi kumsikiliza.

"Ni kama mtu kaingia kichwani mwangu akachukua vipimo," aliniambia kesho yake tukiwa uani. "Na mimi sikumkaribisha."

Kadiri alivyozidi kuipenda ndivyo alivyozidi kuishuku. Akarudi kulikagua boksi, akaona lilikuwa limefungwa kwa utepe mpya juu ya utepe wa zamani. Akaipindua amplifaya, akaona skrubu za chini zina mikwaruzo. Basi akapanda treni hadi mtaa wa Osu, kwenye duka la Bwana Inukai, lililokuwa na amplifaya ya aina ileile.

"Mwalimu Nishiwaki!" Inukai akamlaki. "Leo umekuja kununua au kutununia?"

"Niwashie hiyo ya Asagawa."

Ilikuwa safi, imetulia, kila ala mahali pake. Lakini ilikuwa kavu. Nishiwaki hakuwa mtu wa kuhukumu sauti katika chumba cha wengine. Akaiazima, akaipeleka nyumbani, akaziweka zote mbili sambamba na kuzifunika kwa shuka. Kisha akamwita Sumie, aliyekuja na mikono imejaa unga wa mchele, akasimama mlangoni.

"Sema unachosikia. Usinipendeze."

"Nilikupendeza lini?" Sumie akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili. "Hii inaimba tu. Ile inakuimbia wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwangu mimi besi imezidi."

Nishiwaki akachukua bisibisi. Ndani ya ile ya dukani kila kitu kilikuwa kimelehemiwa kwa mashine, safu kwa safu. Ndani ya ile aliyoletewa, vipande kadhaa vilikuwa vimebadilishwa na kulehemiwa kwa mkono, kwa ufundi mzuri mno. Akapiga simu kiwandani. Waliomsikiliza walishangaa, au walijifanya kushangaa, wakaahidi kumtuma mtu.

Aliyekuja Jumapili iliyofuata alikuwa fundi wao mkuu, mzee Hatanaka, na boksi la biskuti mkononi. Nishiwaki alikuwa ameniita niwe shahidi.

"Bwana Momose, kaa pale," alininong'oneza. "Usile kitu."

Hatanaka aliinama, akakiri kabla hajaulizwa. "Ni mimi niliyeibadilisha."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mwalimu. Nakusoma tangu nikiwa na nywele. Kila mara unalalamikia jambo lilelile. Nikasema, kabla sijastaafu nimpe mtu huyu anachokitaka."

"Mimi niisifu hii, halafu watu wakauziwe ile?"

Mzee akaliweka boksi la biskuti chini. "Hilo sikulifikiria."

"Hukulifikiria, au ulilifikiria ukalimeza?"

Hatanaka aliitazama mikono yake. "Sijui," akasema.

Kisha akaomba kuisikia chumbani humo, mara moja tu. Kutoka jikoni Sumie akamwonya kwamba kwake besi imezidi. Nishiwaki akaweka santuri, lakini macho yake hayakutoka usoni kwa mzee, akitafuta dalili ya ujanja. Mzee alifumba macho. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Mama wa nyumba kasema kweli. Besi imezidi kidogo. Nipe bisibisi niipunguze."

"Usiiguse!" Nishiwaki akapiga kelele, tayari yuko nusu wima. Uso ukamwiva. Kule jikoni Sumie alicheka bila kujificha.

Hata hivyo Nishiwaki aliirudisha amplifaya siku hiyohiyo. Aliifunga mwenyewe, polepole, akamrudishia mzee na biskuti zake. Niliziangalia zikitoka mlangoni kwa uchungu. Katika jarida aliandika juu ya ile ya dukani peke yake: safi, kavu kidogo, unaweza kuishi nayo. Akaongeza kwamba tangu sasa atapima tu vitu vilivyotoka kwenye rafu za maduka. Jina la Hatanaka hakulitaja popote. Viwanda vikanuna, maboksi yakaacha kuja, mhariri akanung'unika kwa muda. Inukai akaendelea kumwazima, na kumtania.

Nilimuuliza kama alimwamini yule mzee.

"Nusu," alisema.

"Na hiyo nusu nyingine?"

"Bado naifikiria."

Mwaka Mpya ilimfikia kadi kutoka kwa Hatanaka, aliyekwisha kustaafu. Nishiwaki aliishika kwenye mwanga, mbele na nyuma. Akaijibu, lakini ilimchukua wiki nzima kuandika mistari miwili, na Sumie ndiye aliyekimbia nayo posta kabla mumewe hajabadili mawazo.